Rangi, Deraya na Jina: Kubainisha Spishi Mpya za Kambare wa Deraya wa Amerika Kusini

Ikisiri

Kambare wa deraya wa Amerika Kusini ni kundi la samaki wa maji baridi ambalo bado linaongezewa spishi mpya mara kwa mara. Makala haya yanaeleza jinsi spishi hizo zinavyobainishwa na sababu za ugumu wa kazi hiyo. Mifano mikuu ni miwili: jenasi Hypancistrus ya mto Xingu nchini Brazili, ambayo wingi wa rangi zake uliwafanya watu wahesabu aina nyingi kuliko zilizopo, na Corydoras, ambao kufanana kwao kwa rangi kulificha spishi zilizopo. Hoja ya makala ni kwamba sheria hushika jina la kisayansi, si samaki aliyemo mkononi. Kwa sababu hiyo kosa la utambuzi hugeuka upesi kuwa kosa la sera. Sehemu ya mwisho inawatazama kambare hao wanapohamishwa nje ya kwao, jambo linaloihusu pia Afrika.

Maneno makuu: kambare wa deraya, taksonomia, spishi, Xingu, spishi vamizi

1. Utangulizi

Mwaka 1758 Carl Linnaeus alimpa samaki mmoja wa Amerika Kusini jina Acipenser plecostomus. Kwa jina hilo alimweka katika jenasi ya samaki wakubwa wa kaskazini ambao mayai yao huuzwa kama kaviari. Uamuzi huo unaeleweka. Samaki wote wawili hawana magamba ya kawaida, wamefunikwa kwa mabamba ya mfupa yaliyopangwa kwa safu, na midomo yao iko chini ya kichwa. Hata hivyo hawana undugu wa karibu. Samaki wa Linnaeus leo anaitwa Hypostomus plecostomus, na ni kambare. Kundi hili, basi, limewahadaa wataalamu tangu siku ya kwanza ya majina ya kisasa ya wanyama.

Katika makala haya tunatumia istilahi "kambare wa deraya". Deraya ni vazi la chuma la askari wa zamani, na hakuna neno lililo karibu zaidi na jinsi samaki hawa walivyoumbwa. Istilahi hiyo inajumuisha hasa familia mbili. Loricariidae ndiyo kubwa, yenye spishi zaidi ya 1,000, na hakuna familia nyingine ya kambare duniani inayoifikia kwa wingi. Callichthyidae, familia ya Corydoras, ina spishi zaidi ya 200. Ipo pia familia ya Doradidae, ambayo kila ubavu una safu moja tu ya mabamba yenye miiba. Tofauti ya kwanza ya kukumbuka ni hesabu ya safu: Doradidae moja, Callichthyidae mbili, Loricariidae nyingi.

Kufika kwenye familia ni rahisi. Ugumu huanza katika ngazi ya spishi, na ndiko sheria inakofanya kazi. Orodha za viumbe walio hatarini, vibali vya kusafirisha samaki wa mapambo, marufuku ya uvuvi na tathmini za mazingira kabla ya kujenga bwawa, zote huandikwa kwa majina ya spishi. Samaki asiye na jina hana pa kuandikwa.

2. Kinachotazamwa mwilini

Mtaalamu aliyewekewa mezani samaki wa familia ya Loricariidae haanzi na rangi. Humgeuza kwanza, atazame mdomo. Samaki hawa wana mdomo wa duara unaonyonya na kushikilia jiwe hata katika maji ya kasi, na ndani yake mna meno ambayo umbo, idadi na urefu wake hueleza chakula cha samaki. Wenye meno mengi membamba kama ya brashi hukwangua mwani. Panaque wana meno machache yaliyotanuka kama kijiko, na hula magogo yaliyozama. Hypancistrus wana meno machache pia, lakini si ya kukwangulia kuni. Hao hula vyakula mchanganyiko, pamoja na wadudu wadogo. Idadi ya meno katika taya la juu na la chini ni miongoni mwa sifa zinazoitenganisha jenasi hiyo na jirani zake kama Peckoltia.

Baada ya mdomo huja deraya yenyewe. Mabamba ya ubavuni huhesabiwa, na tumbo hutazamwa kama lina mabamba au ni tupu. Juu ya mabamba hayo huota vimeno vya ngozi, ambavyo kwa muundo wake ni meno kweli, vikiwa na dentini na uwazi wa ndani kama jino la kinywani. Katika jenasi kadhaa, vimeno vya shavuni huwa virefu kama miiba na samaki huweza kuvisimamisha anapotishwa. Hapa mtafiti hana budi kuwa mwangalifu, kwa kuwa madume hukuza vimeno hivyo zaidi kuliko majike, na zaidi wakati wa kuzaliana. Ancistrus dume aliyekomaa ana minyiri mingi puani ambayo jike hana au anayo mifupi tu. Anayelinganisha dume wa mto mmoja na jike wa mto mwingine anaweza "kugundua" spishi ambayo haipo.

Kisha hufuata vipimo: urefu wa mwili bila mkia, kina cha mwili, upana wa kichwa, kipenyo cha jicho, urefu wa mwiba wa pezi la kifuani, umbali kati ya mapezi. Kila kipimo hugeuzwa kuwa sehemu ya urefu wa mwili au wa kichwa, ili samaki mdogo na mkubwa waweze kulinganishwa. Siku hizi mifupa hutazamwa kwa skani ya CT bila kukata kielelezo, msaada mkubwa hasa pale kielelezo kilipo kimoja na ni cha karne mbili zilizopita.

Mwishoni huja rangi. Imewekwa mwisho kwa sababu samaki akihifadhiwa kwenye fomalini na kisha kwenye spiriti, rangi ya njano na ya machungwa hupotea. Kinachobaki ni kahawia na weupe. Mfanyabiashara humjua samaki kwa rangi yake akiwa hai. Mtaalamu wa makumbusho humjua kwa maiti iliyofifia. Kwa miaka mingi watu hawa wawili walizungumza kuhusu samaki mmoja bila kujua.

3. Namba kabla ya jina

Katika miaka ya 1980 samaki wa mapambo kutoka Brazili walifika Ulaya kwa kasi iliyowashinda wanataksonomia. Mwaka 1988 jarida la wafugaji wa samaki la Ujerumani, DATZ, likaanza kuchapisha picha za kambare wa Loricariidae wasio na jina, kila mmoja akipewa herufi L na namba. Mfumo huo ulienea dunia nzima, na hadi leo muuzaji wa Jakarta na mnunuzi wa Berlin wanaelewana wakitaja L046.

Namba hizi zina manufaa. Zilihifadhi kumbukumbu ya mahali samaki walikovuliwa, na kuwaonyesha watafiti mito inayostahili kuchunguzwa. Lakini namba si spishi, jambo linalosahauliwa mno, hata katika ripoti za kitaalamu. Namba hutolewa kwa picha. Ili jina la kisayansi likubalike, Kanuni za Kimataifa za Majina ya Wanyama zinadai maelezo yaliyochapishwa, na kwa spishi zilizoelezwa baada ya mwaka 1999 zinadai pia kielelezo kinachobeba jina kitajwe waziwazi. Kielelezo hicho, holotaipu, huwekwa katika makumbusho ambako mtu yeyote mwenye shaka anaweza kwenda kukipima upya. Namba ya L haina kielelezo cha namna hiyo, wala haina wa kuulizwa.

Tofauti hiyo ilionekana kwa Baryancistrus xanthellus wa mto Xingu, aliyeelezwa rasmi mwaka 2011. Ni samaki mweusi mwenye madoa ya njano na ukingo wa njano katika mapezi. Kabla ya hapo alikuwa na namba kadhaa, zikiwamo L018, L081 na L177, kwa sababu ukubwa wa madoa hutofautiana kutoka samaki hadi samaki, na hubadilika kadiri samaki anavyokua. Wafugaji waliona aina kadhaa. Vipimo na mifupa vilionyesha spishi moja.

4. Xingu: rangi nyingi, spishi chache

Mto Xingu ni tawimto la Amazon lenye maji maangavu yapitayo juu ya miamba ya kale. Karibu na mji wa Altamira, mto hupinda kwa nguvu na kushuka kwa maporomoko mengi. Sehemu hiyo inaitwa Volta Grande, yaani Pindo Kubwa. Humo, katika mianya ya mawe, wanaishi kambare wadogo wa jenasi Hypancistrus. Mwaka 1991 Isaäc Isbrücker na Han Nijssen wa Amsterdam walimweleza Hypancistrus zebra, samaki mweupe mwenye milia myeusi, ambaye hapatikani penginepo duniani. Ndiye L046. Uzuri wake ulimfanya awe mmoja wa samaki wa mapambo wanaotafutwa sana, na uzazi wake hauendani na utafutwaji huo: hutaga mayai machache, na dume huyalinda pangoni mpaka watoto wajitegemee.

Zebra hakuwa peke yake mianyani. Wavuvi wa Altamira walileta sokoni Hypancistrus wenye michirizi kama maandishi, wenye madoa, wenye mabaka, weusi zaidi na weupe zaidi. Kila mtindo ulipata namba yake. Kwa zaidi ya miongo mitatu swali lilibaki wazi: je, hizi ni spishi kumi, mbili, au moja?

Jibu lilichapishwa mwaka 2025. Watafiti waliokusanya samaki kutoka sehemu nyingi za mto, wakalinganisha rangi, vipimo na DNA, walieleza spishi mpya mbili. Ya kwanza, Hypancistrus seideli, imeenea katika eneo kubwa la Xingu ya chini, na ndani yake zimeingia namba kadhaa za biashara, zikiwamo L066 na L333. Mitindo ambayo machoni ni tofauti kabisa haikutengana kwa DNA wala kwa umbo. Ya pili, Hypancistrus yudja, ndiye aliyejulikana kama L174. Ni mdogo, ana mabaka ya kahawia, na makazi yake ni finyu, katika Volta Grande. Jina lake linawaheshimu Wayudjá, jamii ya wenyeji wa asili ambayo maisha yake yamefungamana na sehemu hiyo ya mto.

Mantiki ya uamuzi huo inastahili kutazamwa, kwa kuwa ndiyo kiini cha taksonomia. Tofauti ya rangi, hata iwe kubwa, haitoshi kuunda spishi ikiwa samaki wa kati wapo. Mtafiti hupanga vielelezo kuanzia mwenye madoa hadi mwenye michirizi, akatafuta pengo. Asipoliona, na DNA nayo ikionyesha kuwa samaki wa mitindo yote ni kizazi kimoja, basi rangi ni tofauti ya ndani ya spishi, kama zilivyo rangi za mbuzi katika zizi moja. Pengo likionekana katika rangi, katika umbo na katika jeni kwa wakati mmoja, hasa kwa samaki wanaokutana katika mto uleule, hapo kuna spishi mbili. Sharti la kukutana ni zito: samaki wanaoishi pamoja na wana nafasi ya kuzaliana, lakini hawachanganyiki, wamekwisha kutoa ushahidi wao wenyewe.

Kwa nini jibu hilo halikuwa la kitaaluma tu? Bwawa la umeme la Belo Monte lilianza kuzalisha umeme mwaka 2016, na sehemu kubwa ya maji ya Xingu sasa huchepushwa ili yasipite Volta Grande. Samaki wa maji ya kasi na mianya ya mawe wamepunguziwa vyote viwili. Kama L066 na L333 zingekuwa spishi mbili, kila moja na eneo lake dogo, hatari ingekadiriwa kwa namna moja. Zikiwa spishi moja iliyoenea, hatari ni ya namna nyingine. Kwa L174 ni kinyume: kupata jina kumedhihirisha kwamba upo mnyama wa pekee ambaye karibu maisha yake yote yamo katika sehemu iliyopungukiwa maji. Tathmini zilizofanyika kabla ya ujenzi hazikuweza kumtaja kwa jina la spishi, kwa kuwa jina halikuwapo.

5. Corydoras: rangi moja, spishi nyingi

Msomaji anaweza sasa kudhani kwamba dawa ni kuwa bahili wa majina. Corydoras wanakanusha hilo. Kambare hawa wadogo, wenye safu mbili za mabamba na sharubu fupi, huogelea kwa makundi juu ya mchanga. Mapezi yao yana miiba inayoweza kukazwa wima, na wana tezi za sumu karibu na miiba ya kifuani. Samaki mkubwa aliyemchoma mmoja hujifunza rangi yake.

Hapo ndipo rangi inapokuwa lugha ya pamoja. Utafiti ulioongozwa na Markos Alexandrou, uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2011, ulionyesha kwamba katika mito mingi Corydoras wa nasaba tofauti wamefanana kwa rangi, kwa kuwa kila mmoja anafaidika na onyo la mwenzake. Katika kundi moja la samaki wenye rangi ileile huweza kuwamo wenye pua ndefu na wenye pua fupi. Hao si ndugu wa karibu, na hawagombanii chakula kilekile. Wavu mmoja, rangi moja, spishi mbili au tatu.

Hapa anayemsaidia mtaalamu ni umbo la pua, mifupa ya kichwa, na hata hesabu ya kromosomu, ambayo katika kundi hili imepatikana kuwa kati ya 40 na 134. Upana huo ni wa ajabu kwa samaki ambao kwa miaka mingi waliwekwa katika jenasi moja. Haishangazi kwamba mwaka 2024 mapitio makubwa yaliyounganisha jeni na mifupa yaliigawa nasaba hiyo katika jenasi saba, yakifufua majina ya zamani kama Hoplisoma, Osteogaster na Gastrodermus. Wenye pua ndefu ndio waliobaki na jina Corydoras. Maofisa wa forodha hawatayafurahia mabadiliko hayo, kwa kuwa orodha nyingi za biashara bado zina majina ya zamani. Lakini undugu uliofichwa na rangi sasa unaonekana katika majina.

6. DNA ina mipaka

Mara nyingi washauri wa sera hupendekeza njia ya mkato: chukua kipande cha pezi, soma sehemu fupi ya jeni la mitokondria iitwayo COI, yenye herufi takriban 650, ulinganishe na hifadhidata. Njia hiyo ni nzuri, lakini ina masharti. Hifadhidata hurudisha jina lililowekwa na mtu aliyekitambua kielelezo cha kwanza. Kama alikosea, kosa huzidishwa kwa kila anayeuliza. Mitokondria, tena, hurithiwa kwa mama pekee, na spishi mbili zilizowahi kuchanganyika zinaweza kuwa na mitokondria moja huku miili yao ikitofautiana. Na spishi zilizotengana karibuni huenda hazijapata muda wa kukusanya tofauti katika sehemu hiyo fupi. Ndiyo maana maelezo mazuri ya spishi mpya leo hutumia vipimo, mifupa, rangi, jeni na ramani kwa pamoja.

7. Jina mbele ya sheria, nyumbani na ugenini

Brazili iliweka Hypancistrus zebra katika orodha yake ya viumbe walio hatarini mwaka 2004. Biashara haikukoma; ilihamia kwenye njia za magendo kupitia mipaka ya nchi jirani. Januari 2017 spishi hiyo iliingizwa katika Kiambatisho cha III cha mkataba wa CITES kwa ombi la Brazili, na katika mkutano wa Panama wa mwaka 2022 ikapandishwa hadi Kiambatisho cha II. Mkataba huo una kifungu kinachofaa kujulikana zaidi katika ukanda wetu: Ibara ya II, aya ya 2(b), huruhusu kuorodhesha pia spishi zisizo hatarini iwapo kufanana kwake na zilizo hatarini kunaweza kumchanganya mkaguzi. Lakini ili kudai kwamba spishi mbili zinafanana, lazima kwanza zijulikane kuwa ni mbili.

Upande wa pili ni kambare wa deraya waliokwisha kutoka kwao. Hao wengi wao ni wa jenasi Pterygoplichthys, wanaouzwa wakiwa wadogo ili wasafishe mwani tangini, kisha hutupwa mtoni wakishakua. Wamejikita Florida, Mexico, Ufilipino, Bangladesh na kwingineko, na barani Afrika wamejikita katika mto Nseleni wa Afrika Kusini. Madume huchimba mashimo ya kutagia katika kingo, na kingo hubomoka. Katika bwawa la Infiernillo nchini Mexico waliharibu uvuvi mkubwa wa tilapia, samaki ambao asili yao ni Afrika na ambao kwetu ni chakula cha kila siku.

Ripoti nyingi za zamani za uvamizi zilimwita samaki huyu "Hypostomus plecostomus" kwa mazoea ya dukani. Kuwatenganisha ni kazi ya dakika moja: nyuma ya mwiba mgumu wa pezi la mgongo, Hypostomus ana vijiti 7, ilhali Pterygoplichthys ana 9 au zaidi, na pezi lake husimama kama tanga. Kutoka jenasi kwenda spishi ni kazi nzito zaidi. Kwa desturi, P. pardalis hutambuliwa kwa madoa yaliyoachana tumboni, na P. disjunctivus kwa madoa yaliyoungana kuwa michirizi. Lakini katika nchi walikoingizwa wamepatikana wengi wenye alama za kati, na DNA ya mitokondria haikuwatenganisha. Uchotara unashukiwa sana.

Mkaguzi wa Afrika Mashariki au ya Kati ana tatizo jingine. Mito yetu ina kambare wa asili wenye mdomo wa kunyonya: Chiloglanis, wa familia moja na gogogo wa Ziwa Victoria, na Euchilichthys wa bonde la Kongo. Bonde hilohilo lina pia samaki wembamba wa kundi la Phractura, ambao kwa mbali hufanana ajabu na Loricariidae. Kipimo cha kwanza ni kidole: ngozi ya Chiloglanis na Euchilichthys ni tupu na laini, ilhali Pterygoplichthys hukwaruza kama msasa kuanzia kichwani hadi mkiani. Samaki wa pili wasiuawe kwa kosa la kufanana na wa kwanza.

Anayemkuta anayemshuku ampige picha ubavuni na, muhimu zaidi, tumboni. Akate kipande cha pezi na kukiweka katika spiriti kabla samaki hajaguswa na fomalini, kwa kuwa fomalini huharibu DNA. Ahifadhi mwili mzima, wenye lebo ya mahali na tarehe, katika makumbusho au chuo kilicho karibu. Na kwenye lebo hiyo, pasipo ushahidi wa kutosha, aandike "Pterygoplichthys, spishi haijabainishwa", ili atakayekuja na vipimo bora asilazimike kwanza kulifuta jina lililokosewa.